Walisema Tumekubaliana Wote

Neno ninalolichukia kuliko yote katika kazi yangu ni "walikubaliana." Ninaandika ripoti za utafiti wa matibabu katika ofisi ndogo hapa Meru mjini, upande wa Kinoru, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo, na neno hilo hupita mezani kwangu kila mara likiwa limevaa suti. Wataalamu walikubaliana. Jopo liliafikiana. Nami huuliza: walioalikwa walikuwa nani, na nani aliwachagua? Aliyekataa alikataa kwa nini, na mbona simwoni humu? Madaktari ninaowaandikia wananiita wakili wa wasiokuwapo. Wanatania, lakini najua wamechoka nami.

Baba alipougua, nilikuwa nimeshika ripoti ya daktari mmoja mpole, mtu wa kunyoa ndevu kila asubuhi, aliyetaka kuwe na mwongozo wa namna ya kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake hautapona. Huku kwetu saratani ya koo la chakula si habari geni; kila boma lina mtu wake. Jambo kama hilo huwezi kulipima kwa damu wala kwa picha. Unakusanya wanaolijua, yaani madaktari, wauguzi, maafisa wa kliniki, kasisi anayezunguka wodini, na kumpelekea kila mmoja maswali peke yake. Wakishajibu, unawarudishia majibu ya wenzao bila majina, wafikiri upya, wajibu tena. Majina hufichwa ili muuguzi wa zahanati asiogope kumpinga profesa. Raundi zikiisha unasema ni wapi waliafikiana na ni wapi hawakuafikiana.

Njia hiyo naipenda. Lakini ni lazima useme ulivyoifanya: kiwango cha kuhesabu mwafaka kiliwekwa kabla ya majibu kuja au baada, nani alijitoa katikati, nani alishikilia neno lake hadi mwisho. Ukiyaficha hayo, msomaji anapokea maoni ya wakubwa akidhani ni ya wote. Hayo nilikuwa nikiwaambia watu ofisini kwa sauti kubwa, mkono kiunoni, kama mtu ambaye hayajamfika.

Baba aliishi juu ya Runyenjes, katika shamba la kahawa alilorithi, yeye na mama peke yao. Alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ilianza kumkwama. Akasema ni meno. Akataka apondewe, kisha akataka uji tu, na uji nao akawa anauangalia sana kabla ya kuunywa. Kaka yangu mkubwa, mwenye duka Embu mjini, alimpeleka hospitalini, na huko daktari akamvuta kaka kando na kumwambia jina la ugonjwa. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi nje, kofia mapajani, akisalimiana na wanafunzi wake wa zamani.

Jumapili ya wiki hiyo, baada ya ibada, kaka aliitisha kikao cha familia nyumbani, baba akiwa amelala. Mimi niliolewa Meru, nikapata habari kwa simu kikao kikiwa kimekwisha.

"Tumekaa kama familia," kaka akasema. "Tumeagree Mzee asiambiwe. Tunasema ni vidonda vya koo. Akijua ata-give up."

"Nani na nani wameagree?"

"Wewe nawe! Sisi wote."

"Mama alisema nini?"

"Mama alikuwa anatupikia chai. Lakini wakati wa maombi alikuwako."

"Basi mimi sikubali," nikamwambia. "Baba ni mtu mzima. Aambiwe. Na ukiongea na daktari, mwambie kuna mmoja hajakubali."

"Sawa, nimekusikia. Lakini wengi wape, dada. Na tushaomba."

Tushaomba. Asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Kikao chetu huendeshwa hivi: mkubwa anasema, wengine wanaangalia viatu vyao, chai inaletwa, mtu mmoja anaombwa atufungie kwa maombi. Kila aliyeitika "amina" amehesabiwa kuwa amekubali, hata aliyefika mlangoni wakati huo na birika mkononi. Na neno lililofungwa kwa maombi halifunguliwi. Ukilifungua unaonekana unabishana na Mungu. Mama aliitika amina. Hakuna aliyemuuliza kitu kabla ya hapo.

Kilichoniuma si ule uongo wa vidonda vya koo peke yake. Kwetu mzazi hubariki watoto wake kabla ya kuondoka. Ni yeye anayewaita, akishajua kwamba siku zake zimesogea. Anakunywa uji wa wimbi kidogo, anawapulizia matone yake kifuani mmoja mmoja, anamwambia kila mtu maneno yake. Baba alifanyiwa hivyo na babu, nami nilikuwapo, mtoto mdogo niliyeona kinyaa. Uzee wa kanisa haukumfanya aache. Alikuwa akisema Isaka naye alibariki. Lakini baraka hiyo haiombwi. Mtoto akimwendea baba yake na kusema nibariki, ni kama amekuja na kamba ya kumpimia kaburi. Lazima aite mwenyewe, na ili aite lazima ajue. Asiyejua kwamba anakwenda ataita nani?

Hilo ndilo nililokuwa nikililia. Si shamba. Nilitaka baba anitemee ule uji.

Nilikwenda nyumbani. Kaka alinikuta langoni kabla sijaingia, nikamwambia tena, sasa ana kwa ana, kwamba mimi sikukubali na sitakubali. Akaniambia kama nimekuja kumuua baba, niingie nimuue. Macho yake yalikuwa mekundu. Si mtu mbaya kaka yangu. Ndiye aliyekuwa akimlisha baba kwa kijiko, akimfuta mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe. Binti aliyeolewa kwingine akija kubomoa neno la mzaliwa wa kwanza, na baba akafa wiki ile, ataishi na hilo hadi kaburini. Kaka alilijua na mimi nililijua. Nikaingia na mdomo wangu mkubwa umefungwa.

Baba alikuwa ameketi upande wa jua, blanketi magotini, akitazama kahawa. Suti yake ya kanisani ilikuwa imemzidi, shingo ikizunguka tu ndani ya kola. Nikakaa kwenye kigoda karibu naye. Tukaongea habari za mvua, za kahawa, za wajukuu wanaosoma Kaaga. Halafu akaniuliza, "Bado unafanya ile kazi ya kuuliza watu kama wamekubaliana?"

"Bado, baba."

"Na asiyekubali, mnamfanyaje?"

"Tunaandika kwamba hakukubali, na sababu yake."

"Hata akiwa mmoja?"

"Hata akiwa mmoja."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mwalimu anayekusubiri umalize jibu. "Hiyo ni kazi nzuri," akasema. Akanitazama kwa muda mrefu, hata nikaona haya nikainama kumfunga kamba za viatu, ambazo hazikuwa zimefunguka. Kisha akasema akipata nafuu, Desemba atatuita sote. Nikasema ndiyo baba, Desemba. Moyo wangu ulivunjika, kwa sababu niliona kabisa kwamba hajui.

Niliporudi Meru, rasimu ya daktari ilikuwa inaningoja. Sentensi ya kwanza ya matokeo ilisema wataalamu wote walikubaliana kwamba familia iulizwe kwanza kama mgonjwa aambiwe. Wote! Majibu nilikuwa nimeyasoma mwenyewe. Wauguzi kadhaa walikataa katika kila raundi, wakisema mwenye mwili ndiye wa kuulizwa. Wengine walijitoa baada ya raundi ya kwanza na hakuna aliyewatafuta kujua kwa nini. Wengi wa waliobaki walipokubaliana wakaitwa wote.

"Wasomaji wanataka jibu," daktari akaniambia. "Hawataki kujua tulivyopika. Na jarida halina nafasi."

"Huyu mgonjwa atakayefichwa kwa sababu ya sentensi yako, yeye ana nafasi?"

Nilipiga kelele. Mtu wa dukani chini alisimamisha mizani. Kisha nikalia, kitu ambacho sijawahi kufanya ofisini, na daktari akaniuliza nina nini. Nikamweleza habari za baba, za kikao, za amina. Akavuta kola ya shati lake. Mwishowe akasogeza kiti upande wangu wa meza na kusema, "Haya. Tuanze pale mwanzo." Tukaandika upya. Tukasema waalikwa walipatikana vipi, na kwamba wengi wao walikuwa wa hospitali kubwa. Tukasema kiwango cha mwafaka kiliwekwa lini. Tukawataja waliojitoa, tukakiri kwamba hatujui sababu zao. Na kwenye suala lile la familia kuulizwa kwanza tukaandika wazi kwamba mwafaka haukupatikana, tukaziweka sababu za waliokataa kwa maneno yao. Ripoti ikawa ndefu na haikumpendeza kila mtu. Mimi ilinifaa kwa siku mbili tatu, kisha ikawa karatasi tu.

Baba alikufa kahawa ikianza kuwa nyekundu. Desemba haikumfikia. Hakutuita, hakunywa uji wa wimbi, hakumpulizia mtu kifuani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chetu kilituumbua kweli, maana kaka alijitupa kwenye udongo mbele ya wazee wa kanisa akisema, "Hakutubariki! Ameenda na hakutubariki!" Nilikuwa na hasira naye kubwa kama nyumba, lakini nilimwinua, nikampangusa magoti. Angemwinua nani mwingine?

Waombolezaji walipoondoka nilibaki na mama jikoni, tukiosha vikombe vya kuazima kabla havijarudi kwa wenyewe. Nilikuwa bado na lile swali langu la ofisini, na sikuweza kulizuia.

"Mama, siku ile ya kikao, wangekuuliza ungesema nini?"

"Nani aliniuliza?" Akasuuza kikombe. "Ningesema aambiwe. Mtu hafungiwi safari na wengine."

"Laiti angejua."

"Alijua," mama akasema.

Nikaacha kufuta. "Nani alimwambia?"

"Koo lake. Umesahau ni wangapi wa kanisa aliokaa kando ya vitanda vyao wakiwa na ugonjwa huo huo? Aliujua kabla ya daktari. Ilikuwa kabla hujaja kumwona, tukianika maharagwe pale nje. Akaniuliza kama watoto wanajua. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia wanajua, walikaa, wakakubaliana usiambiwe."

"Akasemaje?"

"Akageuza maharagwe kwa mkono. Halafu akasema alitaka kuwaita awabariki. Lakini nikiwaita, akasema, watajua kwamba najua, na nitakuwa nimewavunjia neno lao ambalo wamelifunga kwa maombi. Akasema, angalau kama kuna mmoja ambaye hakukubali, nitaanzia kwake, na wengine watafuata."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Mama alikichukua kikombe kingine, akakishika tu bila kukiosha.

"Akaniuliza, wamekubaliana wote? Nikamwambia wote, kwa sababu ndivyo kaka yako alivyoniambia. Akaniuliza tena: hata yule wa Meru?"

Akakiweka kikombe chini.

"Nikamwambia, hata yeye."