Barua ya Ng'ombe Watano

Karatasi ya kaboni bado inanuka vile vile. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alifungua kitabu kipya cha stakabadhi, akachomoa ile karatasi ya buluu ya katikati na kuanza kujipepea nayo, na ile harufu yake ya nta na mafuta ya taa ikanifikia mbele ya darasa. Nikamwambia airudishe. Sauti ilinitoka kali kuliko kosa lenyewe, na darasa zima likanigeukia. Wao hawajui, lakini ninyi mnaosoma nitawaambia: hiyo harufu ni ya mtu niliyemchukia, na sijamaliza kumchukia.

Siku hizi ninafundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu hapa Kitengela, vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya kuingia vyuo vya biashara. Ni kazi nzuri na ninaijua. Aliyenifundisha aliijua pia, hilo siwezi kumnyima.

Tulimwita Mwalimu Mizania. Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la nane. Huko Kajiado mjini kulikuwa na shule ya upili ya bweni iliyoanzishwa na mhasibu mstaafu, mzee aliyeamini kwamba mtoto asiyejua debiti na krediti hajaanza kufikiri. Mtihani wake wa kuingia ulikuwa na karatasi nzima ya hesabu za biashara, kitu ambacho shule zetu za msingi hazikufundisha. Mwenye kuitaka shule hiyo alipitia kwa Mwalimu Mizania, Jumamosi asubuhi, katika chumba cha mabati nyuma ya kinu cha posho. Yeye ndiye aliyepokea ada zote na yeye ndiye aliyepeleka majina Kajiado. Asipokupitisha, mtihani utausikia tu.

Tulikaa juu ya magunia matupu, unga ukitushukia kichwani, kinu kikinguruma upande wa pili wa ukuta. Yeye alikaa kwenye kiti, akinywa chai yake ya maziwa na mandazi mawili mbele yetu, polepole, na hakuwahi hata siku moja kusema karibuni. Mfukoni alikuwa na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni, na kalamu mbili nyekundu, ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa ikiisha wino kwa ajili yetu. Juu ya ubao aliandika methali ambayo haikufutwa mwaka mzima: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na alikuwa na zake mwenyewe. "Mdomo si stakabadhi," alisema. Au, "Stakabadhi isiyosema pesa zimetoka wapi ni ya kufungia njugu." Mimi hakuniita kwa jina langu, Nasieku. Aliniita Wewe wa Ng'ombe, kwa sababu nilitoka boma la upande wa Isinya na viatu vyangu vilisema hivyo kabla sijafungua mdomo.

Kazi ya kwanza ya mwaka ilikuwa kuandika mali ya nyumbani. Kila mtoto alete stoku ya kufungulia: vitu gani, vingapi. Watoto wa mjini waliandika viti na redio. Mtoto wa mwenye duka aliandika sukari. Mimi nikamwambia kwamba kwetu ng'ombe hawahesabiwi.

"Kwa nini?"

"Ni kuwaitia mabaya, mwalimu."

Akageukia wenzangu. "Mmesikia? Huyu anataka kuwa mhasibu."

Walicheka mpaka unga ukashuka kutoka kwenye mabati. Mimi nilitaka kulia, nikakataa.

Lakini ilikuwa kweli. Babangu, Papa, alisimama langoni kila jioni ng'ombe wakiingia, fimbo imelala begani, na hakuna siku niliyomsikia akitaja nambari. Aliwatazama tu. Wa mwisho akishapita angesema, "Ile ya pembe iliyopinda haijaingia," na kweli ingekuwa haijaingia. Nambari ilikuwa ya wanunuzi wa sokoni.

Basi nikafanya ujanja wa kitoto. Nilijificha nyuma ya zizi na kopo, na kwa kila ng'ombe aliyepita nikaangusha punje ya mahindi. Kisha nikaenda jikoni nikahesabu mahindi. Kwa hivyo sikuwahesabu ng'ombe, mnaelewa, nilihesabu mahindi tu, na Mungu alikuwa shahidi. Yalikuwa thelathini na nane. Niliandika thelathini na nane, Mwalimu Mizania akaweka alama ya vema bila kuniangalia.

Mwaka huo mvua ilikataa. Vumbi la nyanda za Athi lilikuja mpaka kwenye uji. Ng'ombe walianza kutembea wakiwa wamelala nusu, na sokoni watu waliuza kwa bei ya mbuzi. Nilitoka nyumbani alfajiri na kurudi baada ya zizi kufungwa, lakini bado niliona wengine hawapo. Nyekundu ya maziwa haikuwepo. Nyeusi haikuwepo. Nilipouliza, Papa alisema amewapeleka Entarara, kwa ndugu yake, kule chini ya mlima ambako kuna nyasi. Nilipouliza tuisheni inalipwa na nani, alisema kanisa limesaidia. Nilimshukuru Mungu na kanisa, nikaendelea na leja zangu.

Mwezi wa kumi tukaambiwa tulete stoku ya kufungia mwaka. Nikarudi nyuma ya zizi na kopo langu. Thelathini na tatu. Chini yake nikaandika: watano wako Entarara kwa baba mdogo.

Mwalimu Mizania aliisoma mara mbili. Nakumbuka alivyofunga kifuniko cha kalamu.

"Ushahidi uko wapi?"

"Papa amesema."

"Mdomo si stakabadhi. Mali yako ikiwa kwa mtu mwingine, mkaguzi anafanya nini?"

Nilijua jibu. Alikuwa ametufundisha wiki hiyo hiyo. Mkaguzi anaandika barua ya uthibitisho, na yule aliye na mali anatia sahihi kwamba ni kweli iko kwake.

"Basi leta barua," alisema. "Kazi hii ni alama ishirini. Bila hiyo barua, jina lako haliendi Kajiado."

Niliandika barua hiyo kwa mwandiko wangu bora. Mimi, mkazi wa Entarara, nathibitisha kwamba niko na ng'ombe watano wa ndugu yangu. Nikachora mstari wa sahihi kwa rula. Nikangoja.

Baba mdogo alikuja wiki mbili baadaye, bila kutuma habari, kama kawaida yake, na gunia la vitunguu. Alikuwa mwekahazina wa kanisa kule kwao, mtu wa kusoma na kuandika. Nusu ya ng'ombe wa boma letu walikuwa wake, urithi wa babu ambao haukuwahi kugawanywa. Nikainamisha kichwa kama inavyopasa mtoto kumsalimu mkubwa, akaniwekea mkono utosini, na kabla hajamaliza chai ya kwanza nikamletea barua na kalamu. Sikuweza kungoja. Papa alikuwa amekaa pale pale, kando yake, akichonga fimbo.

Baba mdogo alisoma. Akasoma tena.

"Nasieku, hii ni nini?"

"Ni ya shule, baba mdogo. Weka tu sahihi hapo chini."

"Ng'ombe gani? Mimi huko niko na vitunguu. Hakuna mtu ameniletea ng'ombe."

Kisu cha Papa kilisimama kwenye fimbo. Yeyo, mamangu, alitoka jikoni akiwa bado ameshika mwiko.

"Wako wapi?" baba mdogo alimwuliza.

"Niliwauza," Papa alisema.

"Wangu ni wangapi kati ya hao?"

"Watatu."

"Na pesa?"

"Zimeisha."

"Umerudia pombe."

Papa alikuwa ameacha pombe nilipokuwa mdogo, ameokoka mbele ya kanisa zima, na kila mtu katika boma alikuwa akingoja siku atakayorudia, hata tuliompenda. Alimwangalia ndugu yake, kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu, na mimi nilidhani ni macho ya mtu aliyeshikwa. Akaendelea kuchonga fimbo. Yeyo alirudi jikoni na hakutoka tena jioni hiyo.

Kesho yake baba mdogo alileta vijana wawili wakatenga ng'ombe wake, huyu na huyu na yule, kwa rangi, bila nambari, wakawaswaga. Ndugu hao wawili hawakusemezana tena. Miaka mitatu baadaye tukamzika baba mdogo, na Papa alisimama mbali na kaburi.

Mnataka kujua nilijisikiaje? Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa kwa Papa. Nilikuwa na barua isiyo na sahihi, na jina langu lilikuwa linakaribia kukatwa kwa sababu ya mlevi. Jumamosi nilimpelekea Mwalimu Mizania karatasi hiyo. Nikamweleza yote. Ajabu ni kwamba alitabasamu, mara ya kwanza na ya mwisho. Alisimama akawasomea wenzangu barua yangu.

"Babake amesema wako Entarara," alisema. "Mwenye Entarara amesema hawako. Mwongo ni nani?"

"Babake," darasa likajibu.

Na mimi nikajibu pamoja nao. Sauti yangu ilikuwemo humo, na si kwamba nililazimishwa. Alinipa ishirini kwa ishirini, akaandika kwa wino mwekundu: Kazi ya mkaguzi wa kweli. Jina langu likaenda Kajiado. Nilifanya mtihani, nikapita vizuri kuliko wote, na miaka iliyofuata nilisoma kwa ufadhili wa shule yenyewe.

Siku ya kuondoka Papa alikuja mpaka barabarani. Aliinua mkono kidogo, akingoja nilete kichwa. Nilimpa mkono, kama mtu mzima, kama mgeni. Mkono wake ulikaa hewani kidogo, kisha akaurudisha ndani ya shuka. Kwa miaka zaidi ya ishirini hivyo ndivyo nilivyomsalimu. Nilimpelekea unga, nilimlipia dawa, nilimjengea nyumba ya mawe. Kichwa sikumpa.

Mwaka juzi Papa alihitaji kadi ya hospitali, na Yeyo akanituma niitafute kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ambamo Papa huweka makaratasi yake. Papa hajui kusoma. Niliketi kitandani kwake nikaufungua, na kitu cha kwanza kilichotoka ni ile harufu.

Zilikuwa stakabadhi tano, zimekunjwa kila moja peke yake. Mwandiko niliujua kabla sijasoma. Mbili za tuisheni, moja ya ada ya mtihani, mbili za malipo ya kwanza ya shule ya Kajiado, yaliyotakiwa kabla jina halijapelekwa. Kwa kuwa stakabadhi isiyosema pesa zimetoka wapi ni ya kufungia njugu, Mwalimu Mizania alikuwa ameandika kwenye kila moja, kwa herufi zake nzuri: kuuza ng'ombe mmoja. Ya mwisho ilikuwa imeandikwa siku chache kabla hajaniuliza ushahidi uko wapi.

Alijua. Nakala zake za kaboni zilikuwa kwenye mfuko wake aliponituma na barua. Alijua ng'ombe wote watano wako wapi kwa sababu walikuwa kwake, na akamtuma mtoto akawatafute Entarara. Nimejaribu kumtetea, maana mimi pia ni mwalimu sasa. Nimesema labda alitaka tu somo lieleweke. Sijaweza. Ndiyo maana tangu siku hiyo ile methali yake sijaiandika ubaoni, ingawa ni kweli, wala sijamtuma mtoto wa mtu kwao na barua.

Na Papa? Hilo ndilo lililonichukua miaka hii miwili kulielewa. Angesema neno moja siku ile, baba mdogo angekuwa mlangoni pa kinu Jumatatu asubuhi akidai pesa za ng'ombe wake watatu, na jina langu lingekatwa. Kwa hivyo alichagua kuitwa mlevi. Alimwacha ndugu yake aende. Akaniacha nimwite mwongo.

Lakini sijawaambia lililokuwa ndani. Nilipokunjua ya kwanza, kitu kilianguka mapajani mwangu: nywele za mkia wa ng'ombe, zimefungwa kwa uzi. Nyeusi. Ya pili zilikuwa za kijivu. Kila stakabadhi ilikuwa na mkia wake. Mtu asiyejua kusoma alikuwa ameweka upande mmoja kilichotoka, upande wa pili kilikoenda, na ameviweka pamoja miaka ishirini bila kupoteza hata kimoja. Mimi ninayefundisha kazi hiyo nilikuwa na punje za mahindi tu.

Nilitoka nje nazo mkononi. Papa alikuwa kwenye kiti chake karibu na lango, akiwangoja wale tisa aliobaki nao. Nilimwendea, nikainamisha kichwa. Alikawia. Nilidhani hataki, na angekuwa na haki. Kisha nikasikia mkono wake utosini, mzito na mkavu, na haukuondoka haraka. Alikuwa ameona nilichoshika.

"Ile nyekundu," alisema, "ilikuwa na maziwa mazuri."