Mpwa Aliyeitwa Hitilafu

Siku ya kwanza niliingia ofisini saa mbili kasoro, nimebeba rula na penseli, kama nilivyozoea miaka yote niliyochora ramani serikalini. Vijana wakacheka, kwa heshima lakini.

"Shikamoo, mama. Hiyo rula utaitumia wapi? Hapa tunachorea kwenye kompyuta."

Nilikuwa nimeshastaafu mara moja. Walinifuata kwa sababu walikuwa wanatengeneza mchezo wa simu kuhusu kilimo cha Milima ya Uluguru, na katika ofisi nzima pale Msamvu hakuna aliyewahi kupanda hadi Mgeta, kule milimani, kwa miguu. Mkuu wa Michoro, dada mpole, alinifundisha kwamba mlima wa kwenye mchezo ni wavu wa pembetatu tupu, kisha unauvika udongo, mawe na majani. Nilichora ngazi za mashamba moja moja. Za juu kabisa nilizichora kwa kukumbuka shamba la mama yangu.

Kisha nikahamishiwa kwa Mkuu wa Kanuni. Huyo ndiye anayeamua mvua ikizidi nini kibomoke, na mkulima akifa shamba liende kwa nani. Nikamweleza ya kwetu Waluguru: mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamume akifa, shamba la ukoo halimfuati mwanawe, linakwenda kwa watoto wa dada yake. Akaelewa, programu ikaandikwa hivyo. Nilifurahi, sifichi.

Mchezo kabla ya kutoka hupelekwa kwa wajaribu, ambao huucheza na kuorodhesha kila hitilafu, yaani kila unapokwenda kombo. Wetu walikuwa Dar. Orodha ikarudi. Baada ya hitilafu ya mbuzi anayepenya ukuta wakaandika: "Baba akifa, shamba linachukuliwa na mpwa. Rekebisheni." Fundi wetu wa programu akarekebisha kabla ya chakula cha mchana, bila kuuliza mtu!

Nikaenda kwa Mkurugenzi damu inachemka.

"Mama, wajaribu wote wameona ni kosa."

"Wamemuuliza Mluguru gani?"

"Wachezaji hawataelewa, mama. Watasema mchezo mbovu."

"Basi waelezeni! Mmeweza kuwaeleza mbolea, mpwa ndiye amewashinda?"

Akasema mchezo umeshafungwa, maana yake hakiguswi kitu tena hadi utoke. Asubuhi ile ile wameugusa! Kisha, kunipoza, akaniahidi jina langu litatangulia kwenye orodha ya watengenezaji, kama mshauri wa mila. Nikamwambia alifute, nikachukua rula yangu nikaondoka. Huko ndiko kustaafu kwangu kwa pili.

Watu huniambia, "Achana nao, ni mchezo tu." Mchezo tu! Ninyi mnaoingia kazi hii, mnachora nyumba za watu wenye mila zao. Usilolijua uliza. Bado nina hasira, na sioni aibu kuwa nayo.

Lile shamba la mama kule Mgeta analilima kaka yangu, na akifa ni la binti zangu. Ukoo mzima unajua. Mwezi uliopita, mchezo umeshatoka, alikuja mtoto wa kaka, mtu mzima mwenye mke, akakaa barazani akinionyesha kwenye simu zile ngazi nilizozichora.

"Shangazi," akasema, "kumbe baba akifa, lile shamba ni langu?"