Pole Zilizofunika Daraja

Kikundi chetu cha kwenye simu kilikuwa cha wauguzi wa vituo vya afya, kuanzia Kasongo hadi Salamabila. Wengine niliwajua kwa sauti tu. Tulikianzisha ili anayejua jambo awaambie wenzake: dawa zimefika wapi, njia gani inapitika. Mimi nilikuwa kituo cha Wamaza, na ili nipate mtandao nilipanda kilima nyuma ya kituo.

Wiki ile daktari wetu mkuu alifiwa na mama yake. Kwetu, mtu akifiwa, kila mmoja lazima aandike pole, na asiyeandika huhesabiwa adui. Mpaka matanga yaishe, maneno mengine ni utovu wa adabu. Zikaja pole, picha za mishumaa, sala za sauti zisizoisha. Nami niliandika yangu.

Ndipo akaletwa mke wa mchimba dhahabu, mtoto amekwama tumboni. Alihitaji kupasuliwa, na kituo changu hakina hata taa ya kuaminika. Nilipanda kilima, nikapitia kikundi chote nikitafuta habari ya njia. Pole tupu. Nikaamini njia ni nzima. Tukampakia kwenye pikipiki kati ya dereva na mama mkwe wake, nikamwambia atafika hospitali, ng'ambo ya mto.

Hakufika. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Waligeuza kutafuta njia nyingine, naye akafia porini, mtoto akiwa bado ndani yake. Dereva alirudi kunipa habari, akaketi mlangoni kwangu akilia.

Nilipanda kilima, nikampigia simu mwenzetu wa kituo kilicho karibu na mto.

"Nilikuwa najua, dada," akasema. "Ile daraja ilianguka mbele ya macho yangu. Lakini docta iko mu kilio. Ningeandika mambo ya daraja katikati ya pole za watu?"

Nilikasirika, nikakata simu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kwa upole, kama mtu aliyetenda vyema.

Palepale kilimani nikaandika: mama mjamzito amekufa njiani, daraja halipo, pitieni njia ya juu. Zikamiminika pole na mishumaa, habari ya daraja ikazama chini. Nikaiandika upya. Mmoja wao, ambaye sijawahi kumwona uso, akanijibu: "Dada, ngoja kwanza tumulilie marehemu wako."