Makopo Ishirini na Nane ya Mzee Byarugaba

Baba yangu hatupi kitu. Nasema hili mapema, kwa sababu watu wakisikia nilichofanya hunitazama kama mchawi, na ningependa wajue kwamba nilichokozwa kwanza.

Anaitwa Elipidius Byarugaba, lakini hapa Kihanga hata watoto wadogo humwita Mzee Kamera. Tangu mwaka 2003 mpaka simu zilipomnyang'anya kazi, hapakuwa na harusi, kipaimara wala jubilei ya padri katika kata yetu ambayo hakuipiga video. Alifika hadi Kyerwa, amepakiwa nyuma ya bodaboda, kamera begani na betri kaikumbatia. Kila kazi aliitia kwenye sidii, akampa mwenye shughuli nakala yake, na nakala moja akabaki nayo. "Za kwao zitakwaruzika," alikuwa akisema. "Watarudi tu."

Nakala hizo moja moja zilifika elfu moja na mia nne. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule ambayo ukipiga miayo unagusa kuta. Sidii zilijaza kabati, zikaingia uvunguni, zikapangwa kwenye kreti za soda mpaka zikaziba nusu ya dirisha, tukawa tunawasha taa saa sita mchana. Ukiketi kwenye kochi magoti yanagusana na harusi za Nyakahanga. Yeye mwenyewe hakupotea humo hata siku moja. Alizipanga kwa kanisa, kisha kwa msimu wa kahawa, maana kwetu watu huoa kahawa ikishauzwa, na ndani ya msimu alizipanga kwa rangi ya sare ya kamati. Ukimuuliza harusi ya fulani, anafumba macho, anasema, "Walivaa zambarau," na mkono unaenda wenyewe.

Ila majina yote aliyaandika kwenye karatasi iliyokaa ndani ya kava. Juu ya sidii yenyewe hakuandika hata herufi. Fundi mmoja wa Bukoba alimwambia zamani kwamba wino wa kalamu unakula sidii, naye akaliamini neno hilo kama anavyoamini Baba Yetu. Ukiitoa sidii kwenye kava lake, basi, hakuna wa kuitofautisha na nyingine.

Mimi ni Evelyn, mwanawe wa pekee, karani katika duka la pembejeo pale Kayanga. Mama alifariki miaka tisa iliyopita, tukabaki wawili na sidii zetu. Mwaka jana, mwezi wa nane, mchumba wangu Edgar akaniambia wazazi wake wanakuja kutoka Muleba kujitambulisha. Baba yake ni ofisa mstaafu, mama yake ana duka la vitambaa. Niliitazama ile sebule, nikamwona akilini mama yake Edgar ameketi amepakata kreti, nikaona aibu. Sikuonea aibu nyumba. Nilimwonea aibu baba yangu.

Wiki hiyohiyo baba akalazwa hospitali ya Nyakahanga siku tano, akapasuliwa ngiri. Nilipotoka kumpelekea uji nikafungua simu, nikakuta bwana mmoja anaeleza namna ya kutunza sidii nyingi mahali padogo: zitoe kwenye makava, utaokoa robo tatu ya nafasi. Nikaona Mungu amenijibu. Sidii tupu huuzwa hamsini hamsini ndani ya kopo la plastiki lenye kijiti katikati, na baba, kwa kuwa hatupi kitu, alikuwa na makopo matupu yote stoo.

Nilianza Jumamosi asubuhi. Sidii kwenye kopo, kava kwenye gunia. Karatasi za kwanza nilizisoma, moja mbili, halafu nikaacha. Watu huniuliza kama sikufikiri. Nilifikiri. Katikati ya kreti ya tatu nilisimama na karatasi mkononi nikajiuliza, sasa nani atajua ipi ni ya nani? Nikajijibu, nani atauliza? Kila mtu siku hizi ana harusi yake kwenye simu. Nikaendelea. Jumapili baada ya ibada niliyachoma makava na karatasi zake nyuma ya migomba, moshi ukanuka mpaka kwa jirani. Makopo ishirini na nane yakaenea kwenye kabati moja, na kabati likafungika.

Baba aliporudi alisimama mlangoni, mkono kwenye kidonda. "Mbona pana mwanga?" akauliza. Akaingia polepole, akaketi, akanyoosha miguu yote miwili, akaitazama kama miguu ya mtu mwingine. Kisha akalitazama kabati.

"Na karatasi?"

"Zimo humo humo, tata," nikasema. Nyumbani humwita hivyo.

"Sijanyoosha mguu humu ndani tangu mama yako yupo," akasema. "Asante, mwanangu. Mimi nisingeweza."

Shukrani ile ilinichoma kuliko kofi. Hata hivyo niliimeza. Wageni walikuja, wakala, mama yake Edgar akasifu usafi wa nyumba, na mimi nikacheka kwa madaha. Daktari alikuwa amemkataza baba kuinama na kuinua vitu, hivyo makopo hakuyagusa. Wiki tatu zikapita, nikaanza kuamini kwamba uongo wangu umeshakuwa kweli.

Jumatano moja tukasikia hodi. Alikuwa mama wa makamo, kitenge cheusi, viatu vimejaa vumbi la njia nzima kutoka Nkwenda. Nikamwamkia shikamoo, nikamkaribisha, nikaenda kuleta chai. Alijitambulisha kwa jina la Costansia, na hakuzunguka. Mwanawe Gideon alianguka kazini akafa, na arobaini yake ilikuwa imebakiza siku kumi na sita.

"Picha zake ninazo, waitu, mzee wangu," akamwambia baba. "Sauti sina. Siku ya harusi yake alisimama akanishukuru mbele ya watu wote, akanitaja jina. Sidii niliyonayo imekwaruzika, deki inaikataa. Nataka siku hiyo watu wamsikie. Na mimi nimsikie."

Baba akafumba macho. "Nkwenda, msimu wa 2011. Kamati mlivaa kijani, na mvua ikawanyeshea wakati wa keki."

Yule mama akaanza kulia. "Ndiyo hiyo."

"Kaa unywe chai, mama. Dakika tano."

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nilimwona baba anainuka kwa kujikaza, anafungua kabati, anatoa kopo la kwanza, anafungua kifuniko. Akachungulia. Akatoa sidii moja, akaigeuza, akatoa ya pili. Akafungua kopo jingine. Hakuharakisha. Akafungua la tatu, na hapo mabega yake yakashuka. Aligeuka akanitazama mara moja tu, na nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu akarudi kuketi mbele ya mgeni.

"Mama, nimekukosea," akasema. "Nilizihamisha mwenyewe juzi juzi, nikachanganya majina yote. Ni uzee. Nipe siku hizo kumi na sita, nitaitafuta."

Costansia akaweka kikombe chini. "Elipidius, sisi tulikuamini. Ni wewe uliyetuambia, zenu zikiharibika rudini kwangu. Mimi nimerudi, nimekuta nini? Mwanangu umemtupa kwenye makopo kama maharage!"

Baba akainamisha kichwa. Mzee wa miaka sabini na moja, kidonda hakijapona vizuri, anasemwa ndani ya nyumba yake kwa kosa la mtu mwingine, na mwenye kosa amesimama pale anamimina chai. Mdomo ninao. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, dukani huwagombeza wakulima wanaoruka foleni. Nilisema, "Karibu sukari."

Alipoondoka nilingoja baba anifokee. Nilitaka anifokee, ili tuwe sawa. Alisema, "Lete deki."

Nikaomba likizo yangu ya mwaka, ile niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya harusi yangu. Kila asubuhi tuliketi mbele ya televisheni, kopo moja baada ya jingine. Mimi nilidhani tutazipitisha haraka haraka mpaka tumwone Gideon, basi. Baba akakataa. Kila sidii iliyofunguliwa ilipaswa kupata jina lake tena, ndipo iingie kwenye bahasha. Alikuwa anatazama dakika mbili, anasema, "Huyu ni binti wa Protase, aliolewa kwa Walutheri, sare ya bluu, andika," nami naandika. Umeme ukikatika tuliukodolea macho ukuta. Ukirudi, tunaendelea. Alijua mpaka waliokuwa wakigombana siku ile nyuma ya jukwaa, na nani kati yao amezikwa. Nilimsikiliza nikijua kwamba nilikuwa nimechoma kichwa cha mtu.

Siku ya nne, kwenye harusi ya watu nisiowajua, mama yangu akapita na sinia la ndizi. Alikuwa na kitambaa cha njano kichwani, anamcheka mtu aliye nje ya picha, pengine mpiga picha mwenyewe. Dakika mbili zikapita, zikawa kumi, baba hakubonyeza kitu. Mwishowe akasema, "Andika: Kemirembe anagawa chakula." Sikuweza kuandika. Mama yangu mwenyewe nilikuwa nimemtia kwenye kopo, na wala sikujua.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza. "Tata, kwa nini ulimwambia ni wewe?"

"Nilikungoja," akasema bila kuniangalia. "Ukanyamaza. Mmoja wetu ilibidi aseme kitu."

Gideon tulimpata siku ya kumi na tatu, kopo la ishirini na mbili, karibu na chini. Sare za kijani, mvua, watu wanaikimbiza keki ndani. Baba akapiga kofi moja kwenye goti, akaguna kwa maumivu, akacheka. Tukatoa nakala mbili. Akasema yeye hawezi safari ile, mgongo na kidonda havimruhusu, niipeleke mimi. Hakusema neno jingine, lakini nilimwelewa.

Njia nzima hadi Nkwenda nilijifunza maneno. Mama, si baba aliyechanganya, ni mimi. Baba alinifichia aibu. Nilirudia mpaka yakawa mepesi kama salamu. Baada ya misa waliweka televisheni uani, chini ya turubai, watu wakakaa kwenye mikeka na viti vya kukodi. Gideon akasimama kwenye kioo, kijana mwembamba, suti imemzidi mabega.

"Mama yangu Costansia," akasema, "nikiwa na miaka saba ulinibeba mgongoni mpaka zahanati, nami nilikuwa mzito. Hukunitua njiani. Leo nimefika, mama. Sasa nitue."

Costansia akaomba irudiwe, ikarudiwa mara tatu, na kila mara alijibu kwa sauti ndogo, "Nimekutua, mwanangu." Na kati ya maneno ya Gideon ilisikika kikohozi cha mtu aliye nyuma ya kamera, nikakitambua.

Baadaye Costansia alinifuata jikoni nilipokuwa nikisaidia kuosha vyombo. Akanishika mikono yote miwili, povu na yote.

"Nilimsema vibaya baba yako," akasema. "Mzee wa watu, ametafuta siku zote hizo. Mwambie nimemsamehe."

Maneno niliyojifunza yalikuwa pale pale. Nilikuwa na neno la kwanza kwenye ulimi. Wanawake wengine walikuwa wanatazama, wananiita binti mzuri, mtoto wa Mzee Kamera aliyetuletea sauti ya Gideon. Nikapenda kuwa huyo binti, hata kwa dakika moja tu.

"Nitamwambia, mama," nikasema.

Nilifika Kihanga jua likizama. Baba alikuwa kwenye kochi, miguu ameinyoosha, kopo la ishirini na tatu liko wazi pembeni. Kazi haikuwa imekwisha, alisema, kwa sababu tu mmoja amepatikana.

"Imeonyesha vizuri?"

"Imeonyesha, tata."

"Mama yule amesema nini?"

"Amesema amekusamehe."

Akaisimamisha deki. Kwenye kioo bibi harusi akaganda hapo, kipande cha keki mdomoni.

"Amenisamehe mimi."

"Ndiyo, tata."

Alinitazama kwa muda mrefu, na haikuwa hasira. Hasira ningeiweza.

"Basi wewe bado," akasema, akabonyeza kitufe, bibi harusi akaimeza keki yake. Kisha akanisogezea kalamu na bahasha, akanitajia jina la kuandika.