Bibi Nunzia hakujitambua leo

Leo nimemsomea Bibi Nunzia maisha yake mwenyewe, naye akaniuliza, "Huyo mwanamke ni nani?"

Kwa wasiomjua: ni Mwitaliano anayetunzwa kwenye nyumba ya wazee hapa Buffalo, Marekani, anakofanya kazi mama yangu. Ujanani aliigiza jukwaani Roma, kisha kwenye filamu. Kwa miezi mitatu amenisimulia na mimi nimeandika. Kesho nawasilisha darasani, na nilitaka azisikie habari zake kwanza.

Nilisoma kama tulivyolelewa kwenye kambi ya wakimbizi, macho chini na sauti ndogo. Mbele ya mkubwa hatupazi sauti.

Nilipofika pale alipoigiza malkia, ndipo akauliza swali lile.

 Machozi yakaanza kudondokea karatasi.

Akapiga ukingo wa kitanda.

"Wewe binti, watu wa nyuma ukumbini hawakusikii."

Nyuma yake kulikuwa na ukuta tu.

"Inua kichwa. Anza upya."

Nikamtazama mama mlangoni. Akasema, "Fanya anavyotaka bibi yako. Mimi sijaona kitu."

Nikasoma kwa sauti, nikimtazama machoni. Nilipomaliza, akainamisha kichwa polepole, kama mtu anayepigiwa makofi.

Kisha akasema, "Alikuwa hodari, maskini. Bado yuko hai?"

Ninyi wenzangu wa kambini mlioko sasa Columbus na Louisville, mngemjibu nini?

Mimi nilisema ndiyo, Bibi, yuko hai. Nilisema kwa sauti ya kuwafikia watu wa nyuma.