Mkono wa Bwana Salehe Wamponza Mpiga Picha wa Nyakabiga

Saa nane mchana, Jumamosi, Shakuru amepiga magoti kwenye nyasi za bustani ndogo ya mtaa wa Nyakabiga, jicho moja kalifumba, jingine limezama kwenye kamera. Mbele yake wamesimama maharusi, Loïc na Laure. Nyuma yao imesimama sanamu ya saruji ya mtu mwenye kilemba, Bwana Salehe, mkono wake umenyooka juu ya vichwa vyao.

"Laure, sogea kushoto. Loïc, we baki. Apana, usibaki vile, unamuachia nafasi!"

Asiyetakiwa kuachiwa nafasi ni ile sanamu. Shakuru akificha mkono, kilemba kinachungulia. Akificha kilemba, mkono unatokea. Daphrose, shangazi wa bibi harusi, anatandaza kitenge nyuma ya maharusi, upepo wa ziwani unakipeperusha, na Bwana Salehe anaonekana tena, mzima mzima.

Zamani hakuna aliyejaribu kumficha. Watu walipanga foleni ili wasimame chini ya mkono huo.

Shakuru, mzaliwa wa mtaa jirani wa Buyenzi mwenye miaka hamsini na miwili, amepiga picha za harusi mahali hapa tangu 1977. Vita vya wenyewe kwa wenyewe havikumfukuza. Barabara zilipofungwa, maharusi walikuja kwa miguu. Ilipowekwa amri ya kutotoka usiku, harusi zote zilibanwa mchana, na Jumamosi nyingine alihudumia maharusi sita kabla ya jua kuzama. Wakristo kwa Waislamu, wote walikuja "kupokea mkono", kwa kuwa mtaa mzima uliamini kwamba mzee huyo wa saruji anabariki ndoa.

Nani aliwaambia? Shakuru anakohoa kidogo.

"Mi sikuanza ile maneno," anasema. "Lakini pia sikuikataa."

Hakuikataa kweli. Aliwaeleza wateja kwamba Bwana Salehe ni babu wa babu yake, na kwamba picha iliyopigwa na mjukuu ina baraka mara mbili. Picha ya kawaida ilikuwa faranga mia tano. Ya mjukuu, mia saba.

Mambo yaliharibika mwaka huu wa 2003, bomu lilipoanguka nyuma ya bustani. Halikuua mtu, Mungu ashukuriwe, lakini liliitikisa sanamu na kubandua chokaa ambayo kila mwaka ilipakwa juu ya ile ya mwaka uliotangulia. Chini ya chokaa kikatokea kibao cha shaba chenye maandishi ya Kifaransa. Népomuscène, mwalimu mstaafu, alivaa miwani akawasomea watu kwa sauti: mtawala mmoja wa kikoloni alikuwa anamshukuru Bwana Salehe, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, "ambaye hapa anaonyesha njia ya kwenda mashuani".

Kumbe mkono haukuwa unabariki. Ulikuwa unawaelekeza watu ziwani wakauzwe.

Wiki hiyo Shakuru hakula kwa raha. Wateja walirudi na albamu kwapani. Concilie, mshonaji wa mtaa huo, alimletea picha yake ya harusi ya mwaka 1984 na amri fupi ya kumwondoa Salehe: "Uyu mutu umutoshe. Bwana yangu umuache." Shakuru akashika mkasi, akapitiliza, akamkata mume bega.

"Sasa bwana yangu anauliza nani alimukata," anasema Concilie. "Mi nacheka tu."

Mkutano wa mtaa uliitishwa palepale bustanini ili kuamua kama sanamu ing'olewe. Kabla ya kibao kuonekana, nyumba zilizojigamba kuwa ukoo wa Bwana Salehe zilifika kumi na moja. Siku ya mkutano ilibaki moja tu, ya Shakuru. Wengine wote walikuwa wajukuu wa watumwa, tena kila mmoja alidai kwamba mnyororo wa babu yake ulikuwa mzito kuliko wa jirani.

Népomuscène alitaka sanamu ibaki. "Tukimutosha, kesho watoto watasema aikutokea. Tumuache na kibao yake, kila mutu asome."

Atumani, fundi wa magari, aliruka. "Mwalimu, mutu akiiba mbuzi yako, unamujengea sanamu ili usimusahau?"

Ndipo Shakuru aliposimama. Sanamu ikiondoka, na wateja wanaondoka, na hilo hakulificha. "Niko hapa miaka makumi mbili na sita. Mukimutosha, mi nitakula nini? Na tena, ule ni babu yangu."

"Babu ya nani?"

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa mama yake, Bibi Mwanvua, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye hakuwahi kukanyaga bustani hiyo, hata siku ya harusi ya Shakuru mwenyewe. Siku zote alisingizia miguu. Siku hiyo miguu ilimleta.

"Mama yangu alikuwa mutoto, watu ya uyu Salehe wakamufunga kamba," alisema. "Walimusimamisha mu soko tatu, kwa jua, wanamutazama meno. We ulikuwa unauzisha baraka ya nani, Shakuru?"

Shakuru anakiri kwamba alilia mbele ya wateja wake, na kwamba hajawahi kuona aibu ya namna hiyo. Mwishoni naye alikubali, na mkutano ukaamua sanamu itoke.

Haijatoka. Winchi waliyoahidiwa inaondoa magari yaliyoungua barabarani, na mafuta ni ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo Shakuru, ambaye sasa akipata maharusi wawili kwa Jumamosi anashukuru, anaendelea kupigana na kitenge na upepo. Bei ya mjukuu ameifuta.

Ana mpango mmoja. Sanamu ikishaondoka, picha ya kwanza itakuwa ya mama yake, naye amemwomba asimame palepale aliposimama Salehe. Bibi Mwanvua amekubali kupigwa picha. Kusimama amekataa.

"Utaleta kiti," alimwambia. "Mama yangu alisimama ya kutosha."