Gari Lililokosa Kipimo cha Goti

Mtaa mzima walimwita Mzee Futi, kwa sababu ule utepe wa kupimia nguo haukumtoka shingoni. Alikula nao, alisinzia nao kitini, na siku ya harusi ya mwanawe aliingia ukumbini na suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, futi ikining'inia juu ya tai, mpaka mkewe akainyakua na kuitumbukiza mkobani. Mkamwana wake, ambaye ndiye aliyekuwa bibi harusi siku hiyo, aliliona jambo lile akacheka kimoyomoyo. Alijua hapo hapo kwamba katika nyumba ile hatakosa cha kumchekesha.

Sasa alikuwa na mtoto wa kike aliyeanza kuota meno, na wote waliishi nyumba moja. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea. Palikuwa na cherehani ya umeme karibu na dirisha, na pembeni ile kuukuu ya miguu, imefunikwa shuka, juu yake makopo ya vifungo. Humo Mzee Futi alipima watu kwa sheria yake moja. Mteja akivuta tumbo ndani ili aonekane mwembamba, mzee hukunja futi, hurudi kitini, humwambia, "Pumua kwanza. Mimi sishonei picha, nashonea mtu." Wapo walionuna. Lakini nguo zake hazikumbana mtu hata siku moja.

Nyuma uani, kati ya jiko na kamba ya kuanikia, ndipo lilipokaa gari.

Lilikuwa gari la zamani la kwenda porini, lile la pembe nne kama sanduku, linalovuta kwa magurudumu yote. Mzee aliachiwa na mteja wake, mpima ardhi aliyestaafu na kuhama. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma, na ukifungua boneti panya anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeingia kwake. Watu walidhani atalikata auze chuma. Yeye akalinunulia kopo la grisi.

Si kwamba alipenda magari. Sababu alikuwa mke wake, na kila mtu nyumbani aliijua.

Mke huyo, mama mkwe wa mkamwana, alikuwa na dada yake mkubwa aliyemlea, anaishi ng'ambo ya bonde, mahali ambapo barabara iliharibika kwa mvua mpaka magari ya abiria yakaacha kwenda. Yule dada macho yake yalikuwa yanafifia. Kila walipozungumza kwa simu alikuwa anasema jambo lile lile: "Njoo, mdogo wangu, macho yangu yakiwa bado yanakujua." Mama mkwe hujibu, "Nakuja, dada, nakuja," halafu huweka simu mezani na kufuta meza ambayo haina hata chembe ya uchafu.

Basi Mzee Futi akajipa kazi. Fundi wa magari kila alipokuja alikuwa anatikisa kichwa, kwa hiyo mzee akaacha kumwita, akawa anafanya mwenyewe kwa kuuliza huku na huko. Mwanawe, fundi bomba, alimsaidia Jumapili kwa vitu vizito. Na jirani yao mchomea vyuma, ambaye watoto walimwita Cheche, alikuwa anaitwa juu ya ukuta.

"Cheche! Njoo uone huku kwapani!"

"Kwapani kwa nani tena, mzee?"

"Kwa gari! Hapa mlango unapoungana na bodi. Pameoza."

Gari zima alilisema kwa lugha ya nguo. Ukingo wa mlango ulikuwa pindo. Kutu iliyotoboa sakafu ilikuwa nondo, mdudu mla nguo. Alipoondoa viti na kuvivika turubai jipya, aliweka na bitana ndani, na mshono aliurudia mara tatu. Mkamwana alimshikia taa, mtoto kambeba mgongoni, akaona jinsi mikono ile iliyozoea uzi ilivyobembeleza nati zilizokwama. Haikuzilazimisha. Alizitia mafuta, akaenda kunywa chai, akarudi.

"Baba, kwa nini usipige nyundo?" aliuliza siku moja.

"Mwanangu, nati ni kama mteja mkaidi. Ukimpigia kelele anakaza zaidi."

Kutoka dirishani mama mkwe akadakia, "Ndiyo maana mimi hukupigia kelele. Nataka ukaze buti, safari ifike!"

Injini iliponguruma kwa mara ya kwanza, uani palijaa moshi, na nguo zote za mtoto zilizoanikwa zikafuliwa upya. Hakuna aliyelalamika. Mzee alirefusha bomba la pumzi ya injini likapanda mpaka usawa wa paa, ili maji ya kivuko yasije yakaingia. Kisha akaja kwenye jambo alilolionea fahari kuliko yote. Alilinyanyua gari. Alitafuta springi nene, yale mabapa marefu ya chuma yanayobeba bodi, akaweka na shokapu ndefu na tairi kubwa zenye meno. Gari likapanda shibiri nzima. Alipima kila kona kwa futi, akatia alama kwa chaki ya kushonea, akapima tena, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Hata Cheche alikuja kulizunguka, mikono kiunoni.

"Mzee, hili sasa halipiti kwenye tope. Linaruka juu yake."

Mzee Futi alisimama pale, mashavu yamejaa grisi, akitabasamu kama mtoto aliyevishwa viatu vipya. "Jumamosi tunaondoka," alimwambia mkewe. "Mwambie dada yako aandae maneno."

Jumamosi ilipofika mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la bluu. Alitoka mpaka mlangoni, akalitazama gari, akashika kichwa.

"Leo kichwa kinaniuma sana, baba watoto. Twende wiki ijayo."

Wiki iliyofuata jua lilikuwa kali mno. Wiki nyingine alikumbuka mapazia ya kufua. Mzee alirudi chumba cha mbele akashona mpaka jioni bila kupiga mluzi, naye alikuwa mtu wa mluzi. Wakati wa chakula alisema, macho yakiwa kwenye sahani, "Kama huliamini gari langu, sema tu. Sitakasirika."

"Nani kasema siliamini?"

"Basi twende."

"Nimesema tutakwenda!"

Mtoto peke yake ndiye aliyeendelea kugonga kijiko.

Mkamwana alipata jibu asubuhi moja, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Alikuwa jikoni anakoroga uji wa mtoto, akamwona mama mkwe anatoka uani peke yake, kanyata kanyata kama mtu anayeiba kwake mwenyewe. Alifungua mlango wa gari. Akashika ukingo wa kiti, akainua mguu. Goti likafika njiani likakataa. Alijaribu mguu wa pili, akauma meno, mguu ukarudi chini. Alisimama kidogo, kiganja juu ya bati, akalipigapiga gari taratibu kama mtu anayemwambia ng'ombe si kosa lako. Kisha akafunga mlango bila kelele, akaingia ndani.

Uji ukashika chini ya sufuria.

Kumbe ndiyo hiyo! Mzee alilinyanyua gari ili limfikishe mkewe kwa dada yake, na kwa kulinyanyua akamfungia nje. Na mama mkwe, kwa kumwona mume alivyokesha na grisi, alishindwa kumwambia. Tena kulikuwa na ubishi wake. Mwanamke yule hakutaka kubebwa. Mwanawe aliwahi kujaribu kumshika mkono kwenye ngazi za kanisani, akaambiwa, "Mimi nilikubeba wewe. Usijisahau."

Mkamwana alizunguka na jambo lile kifuani tangu asubuhi. Akimwambia baba mkwe, amemvunjia mama heshima. Akinyamaza, macho ya yule dada hayasubiri mtu. Mchana alimfunga mtoto mgongoni, akaenda chumba cha mbele.

"Baba, naomba unipime."

Mzee alifurahi, akavuta futi. "Gauni au sketi?"

"Si nguo, Baba. Nipime nikipanda gari."

Walitoka uani. Alishika mlango, akainua mguu, na wala hakuhitaji kuigiza. Mtoto alimvuta nyuma, viatu vikateleza, akaning'inia pale kama shati kwenye kamba. Mzee alicheka mpaka akashika tumbo.

"Shuka, shuka, utaniangushia mjukuu! Kweli, hapa panahitaji kipandio." Alipiga goti, akampima kutoka ardhini mpaka gotini, akaweka alama ya chaki mlangoni. "Wewe unaishia hapa. Na mwenye miguu mifupi kidogo ataishia..."

Chaki ikasimama hewani. Aliitazama ile alama, kisha akautazama mlango wa nyumba. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Alisema kichwa," alisema polepole.

"Kichwa kilimuuma kweli, Baba," mkamwana alijibu.

Mzee Futi aliketi juu ya tairi la akiba. "Nimepima springi. Nimepima matairi. Nimepima mpaka kina cha mto kwa fimbo. Mtu mwenyewe nimemshonea bila kumpima." Aliivua futi shingoni akaishika mkononi kama kitu asichokijua. Mkamwana alijifanya anamfunga mtoto vizuri, ili asimwone anapofuta macho kwa mkono wa shati.

Alipoingia ndani alikuta mkewe anachambua mchele.

"Simama nikupime."

"Unanishonea nini?"

"Gari."

Mama mkwe alimtazama, halafu akamtazama mkamwana, ambaye ghafla aliona umuhimu mkubwa wa kupanga vikombe. Sinia la mchele likawekwa chini.

"Nani kakwambia?"

"Chaki. Inua mguu."

Akauinua. Aliuinua juu, juu kabisa, mdomo kaubana, mkono kashika meza mpaka vidole vikakakamaa.

"Pumua," mzee alisema kwa upole. "Shusha. Sipimi ubishi wako, napima goti lako. Inua pale unapoinua ukiwa peke yako."

Kisha mguu ukashuka, ukasimama pale pa kweli, chini kuliko mtu yeyote alivyodhani. Mzee akapima. Alikaa chini kwa muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji, mkono wake juu ya lile goti.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ulikuwa na furaha na springi zako."

"Mwanamke, bila wewe hizo springi zitampeleka nani?"

"Haya, inuka, unanitia baridi na hayo mafuta yako ya gari." Lakini hakuuondoa mkono.

Jioni ile ile mzee aliifunua cherehani ya miguu na kukifungua kile kikanyagio cha chuma chenye maua, kipana kama sinia. Mkewe alikuja mbio. "Hicho unakitoa? Ulinishonea gauni la harusi kwa hicho!"

"Ndiyo. Mguu wangu umekikanyaga vya kutosha, sasa zamu ya wako."

Cheche alikishika, akakigonga kwa kucha. "Mzee, chuma hiki ni cha kumimina. Nikikichomea kitapasuka."

"Hukichomei. Unanichomea bapa imara chini yake, kikanyagio mimi nitakifunga kwa bolti."

Kikafungwa upande wa abiria, chini, mahali chaki iliposema. Juu ya mlango akatundika mshikio wa mkanda wa ngozi, kaushona mara nne. Jumamosi mama mkwe alitoka na gauni la bluu. Alikanyaga, akashika, akapanda, akakaa. Alijitazama kwenye kioo cha pembeni, akajipanga kitambaa cha kichwa.

"Mnasubiri nini?" alisema. "Au nyinyi nao vichwa vinawauma?"

Mwanawe fundi bomba aliendesha, baba yake nyuma akimwelekeza kila shimo. Mkamwana alikaa naye, mtoto mapajani. Tope liliwashika na kuwaachia. Kwenye kivuko maji yalipanda mpaka milangoni, mama mkwe akashika mshikio, akafumba macho, akasema, "Ukinizamisha, baba watoto, hutakula kwangu tena," na gari likatoka upande wa pili likichuruzika kama mtoto aliyeoga.

Dada yake alikuwa kiambazani, kajitanda, uso kauelekeza kule mlio ulikotoka. Mama mkwe alishuka mwenyewe. Wale wawili hawakulia kwanza. Yule dada alimshika mashavu, akamsogeza kwenye mwanga, akasogeza na uso wake mpaka pua zikakaribiana.

"Ni wewe," alisema. "Umenenepa."

"Na wewe bado unasema hovyo."

Hapo ndipo walipolia.

Walikaa mpaka jua likapungua. Wakati wa kuaga yule dada aligoma kuagia mlangoni. Alitaka aketi kidogo ndani ya hilo gari analolisikia kwenye simu. Alipapasa kikanyagio kwa mkono, akagusa yale maua ya chuma, akatabasamu. Kisha akainua mguu, ukafika katikati, ukarudi.

"Shemeji," aliita, "gari lako zuri, lakini umemshonea mtu mmoja!"

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kucheka. Mzee Futi alishaivua futi shingoni. Alipiga goti kwenye vumbi, mbele ya miguu ya shemeji yake, akatafuta chaki mfukoni.

"Pumua, shemeji," alisema. "Tukirudi wiki ijayo, utapanda."